Nyumba ya Mama Kati ya Waya na Maji

Mwaka ule ziwa la Naivasha lilipoanza kupanda, mimi nilikuwa na cheti. Nilikipata katika shule ya jioni mjini Nakuru, nikisoma chini ya taa ya karabai iliyokuwa ikivuma kuliko mwalimu, na nilitembea nacho kila mahali, hata msalani. Mchana nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao karibu na stesheni ya reli. Pale mtu alijua futi na inchi apende asipende, maana ukikata ubao vibaya msimamizi alifoka mpaka wachungaji wa upande wa pili wa Menengai wakageuka kuangalia ng'ombe wao. Kwa hiyo nilikuwa na hesabu za darasani na hesabu za msumeno, na sikuona ni nyumba gani hapa duniani ingenishinda kuichora.

Mama yangu alikaa kwenye shamba la mzungu kando ya lile ziwa. Alizaliwa shambani humo, akaolewa humo, akafiwa na baba yangu humo humo. Nyumba yake ilikuwa ya mviringo, ya udongo na nyasi, mlango ukitazama maji. Miaka mingi kabla ya hapo ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana. Ukitaka kunawa miguu ilibidi ufunge chakula cha safari. Ardhi liliyoiacha ilikuwa nyeusi na laini kama uji wa wimbi, na mama alipanda vitunguu humo. Vitunguu vya mama vilikuwa vikubwa kama vichwa vya kondoo. Asiyeamini aulize mtu yeyote aliyekuwa Naivasha siku hizo.

Halafu mvua zikanyesha Kinangop kana kwamba mtu huko juu amesahau kufunga bomba. Mito ikaleta kila kitu ziwani. Maji hayakuja kwa kishindo. Leo yamelowesha mstari wa mwisho wa vitunguu, wiki nyingine yamefika kwenye mti wa kuanikia nguo, na pwani ile ilikuwa tambarare hivi kwamba ziwa likinenepa kidogo tu juu, linatembea mbali sana chini. Nilipopata likizo nikamkuta mama amepandisha mafiga yake juu ya kisanduku cha bati na chini ya kitanda kuna maji, na vitunguu vimebaki safu chache tu nyuma ya nyumba. Mimi husimulia kwamba palikuwa na samaki chini ya kitanda kile. Mama alisema ni vyura.

Sasa, kujenga upya shambani kwa mzungu hakukuwa jambo la kuamka na panga ukaenda. Hali ya Hatari ilikuwa bado kwenye karatasi ingawa bunduki zilikuwa zimepungua kelele, na sisi Wakikuyu tuliobaki mashambani tuliishi kwa kuhesabiwa. Nyapara, mzee mpole mwenye koti la jeshi lililomfika magotini, alikuja kumsomea mama masharti ya meneja, mzungu tuliyemwita bwana. Aliyasoma akiwa amesimama nje majini, amekunja suruali.

"Mama, nyumba iwe ya pembe nne. Si ya mviringo."

"Haya."

"Isiwe ya mawe, isiwe ya mabati. Ni miti, udongo na nyasi tu. Mlango mmoja, uangalie barabara ya shamba."

"Barabara? Kuna nini barabarani?"

"Ndio ionekane nani anaingia, mama. Na dirisha moja dogo. Iwe yadi arobaini kutoka kwa maji, na iwe mbali na waya wa ng'ombe, mtu wa doria apite. Miti mtapewa mara moja tu. Na ukishasimamisha nguzo, usiweke udongo, usiweke nyasi, mpaka bwana mwenyewe aje apime."

"Na nisipofuata?"

Nyapara akatazama maji yaliyomzunguka miguu. "Kuna chumba laini."

Laini ilikuwa safu ya vyumba vya mawe huko juu karibu na zizi la ng'ombe wa maziwa, chumba kimoja kwa kila mfanyakazi, ukuta kwa ukuta na jirani. Kuta nzuri, paa la bati. Lakini chumba cha laini ni cha mtu anayefanya kazi. Siku mama atakaposhindwa kukata majani ya ng'ombe, kitapewa mwingine, naye atapakiwa kwenye lori apelekwe rizavu, ile ardhi waliyotengewa Wakikuyu, ambako hakumjua hata mbuzi. Nyumba ya ziwani ilikuwa yake mpaka afe, ndivyo bwana wa kwanza alivyomwahidi baba. Lakini ilibidi isimame. Ikianguka, ahadi inaanguka nayo.

Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, mwanawe ana cheti.

Nilichora siku nzima. Nilichora mpaka penseli ikabaki kama kucha. Ukanda wenyewe ulioruhusiwa, kati ya waya na maji, ulikuwa mwembamba kama mkanda wa suruali, na nyumba ya pembe nne ilikaa humo kama ng'ombe kwenye mlango wa kuku. Nikaipunguza upana, nikairefusha, nikaigeuza. Nikaweka dirisha chini, usawa wa kitanda, upande wa ziwa, ili mama akiwa amelala aone vitunguu. Jambo hilo nilijivunia kuliko cheti. Nikampelekea.

Mimi nimechukua jina la babu mzaa mama, kwa hiyo yeye aliniita baba.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni nyumba yako."

"Mbona imelala?"

"Imechorwa kama inaangaliwa kutoka juu, mama."

"Nani atakuwa huko juu?"

"Hakuna mtu. Ni namna ya kuchora."

Akaigeuza, akaigeuza tena. "Mafiga yako wapi?"

"Hapa kwenye kona. Nyumba ya pembe nne, moto ukikaa katikati hakuna pa kupita."

"Kwenye kona!" Akamwita jirani yake, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika Gilgil, aje aone. "Njoo uone nyumba niliyochorewa. Nitaota moto upande mmoja kama kiazi kilichosahauliwa."

"Angalau kiazi hugeuzwa," jirani akasema, wakacheka mpaka nikaondoka na mchoro wangu. Nilipofika nje mama akaniita, akasema dirisha ni zuri. Alisema hivyo, na mpaka leo naikumbuka sauti yake.

Ruhusa yangu ya kusafiri ilikuwa inakaribia kwisha, na nyapara alisema bwana atapita kupima siku fulani kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo tukapanga kujenga siku hiyo hiyo. Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa mjini siku hizi hawalijui. Kwetu nyumba hujengwa siku moja. Asubuhi ni uwanja mtupu. Jioni, kabla giza halijaingia, moto unawaka ndani na mwenyewe anapika. Nyumba ikilala bila moto kabla haijakwisha, kitu kingine kinaweza kulala humo kwanza, na mtu mwenye akili hafuati kitu hicho kitandani. Mama alikuwa amebatizwa na aliimba kanisani kuliko kwaya nzima, lakini habari ya moto hakuijadili. Ndiyo maana watu huja wengi. Wanaume husimamisha nguzo na kuezeka, wanawake huleta nyasi na kukandika udongo, na atakayechelewesha mwenzake atachekwa mpaka wajukuu wake wasikie.

Mjomba alifika alfajiri na wanaume wa shamba jirani. Alikuwa mtu mfupi, mikono mirefu, na aliniita karani.

"Haya karani, tupimie. Sisi tutachimba pale utakapoweka kidole."

Nikapima kutoka majini kwa kamba, yadi arobaini, na hatua moja kubwa ya ziada, nikapigilia vigingi. Nilipima tena. Nguzo zikachimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba za magome, boriti za paa zikapanda. Jua halijafika utosini, mifupa ya nyumba ilikuwa imesimama wima hivi kwamba, naapa, hata ndege waliruka juu yake kwa heshima. Wanawake walikuwa wamerundika nyasi za kutosha kuezeka Nakuru yote, na shimo la udongo lilikuwa limekanyagwa mpaka likalia. Kilichobaki ni bwana kuja kupima.

Tukakaa.

Nyapara akaja bila bwana. Bwana alikuwa amekwenda Gilgil kuangalia fahali, akasema, lakini atarudi. Tukala viazi na maharagwe tukamaliza. Jua likavuka. Upepo wa alasiri ukaanza, ule wa kila siku, mawimbi madogo yakaanza kulamba pwani na mafunjo yakawa yanapiga makofi.

Wanawake wamekaa juu ya nyasi zao, mikono mitupu. Ilianza polepole.

"Hawa wanaume wa siku hizi," jirani akasema kwa sauti ya kuwaambia watu wote. "Wanachimba mashimo, halafu wanayalinda."

"Wanaogopa paa. Wataona kizunguzungu."

"Mwachie mjomba! Yeye akipanda juu ya kibuyu anaona Nairobi."

Mjomba akatema mate pembeni. "Tumekatazwa na karatasi."

"Basi muolewe na karatasi! Iwapikie!"

Siku nyingine mjomba angewajibu mpaka wafunike nyuso kwa leso. Siku ile alivuta tu fito moja iliyokuwa sawa, akaifungua, akaifunga tena. Nikamwendea nyapara. Nikamweleza kwa lugha yote niliyonunua shule ya jioni: mistari ni sawa, vipimo ni sawa, mchoro huu hapa, tuezeke tu na bwana akija atakuta kila kitu kwenye masharti.

"Kijana," akasema, "mimi naona ni sawa. Hata ng'ombe wanaona ni sawa. Lakini ukiweka unyasi mmoja, kesho bwana atabomoa, na mimi nitafukuzwa na watoto wangu. Sasa nifanye nini? Niambie wewe umesoma."

Alikaa kwenye gogo, akavua kofia, akaiweka gotini. Nadhani katika watu wote pale, yeye ndiye aliyeomba zaidi lori la bwana litokee.

Jua likaanza kushuka nyuma ya Mau. Kelele zikakatika zenyewe. Watu wote walikuwa wanajua saa bila saa. Mjomba alimtazama dada yake, akatazama mlima, akatazama chini. Ukikandika, nyumba itabomolewa. Usipokandika, haitakaliwa. Mimi nilikuwa nimeshika mchoro wangu, na upepo ulikuwa unajaribu kuuchukua, na kwa kweli nilitamani uuchukue.

Mama akainuka. Hakuuliza mtu. Akaenda kwenye nyumba ya zamani, tukamsikia akitembea ndani ya maji, chwa, chwa, akatoka na kigae chenye makaa. Nyumba mpya ilikuwa haina ukuta hata mmoja. Mtu angeweza kupita popote kati ya nguzo. Yeye alizunguka mpaka upande wa barabara, akaingia kwa mlango. Nyapara akainuka kwenye gogo, akakaa tena. Masharti yalisema udongo na nyasi. Moto haukutajwa.

Akapanga mawe matatu katikati. Si kwenye kona yangu. Akaweka makaa, akapuliza, moshi ukapanda moja kwa moja mbinguni maana hapakuwa na paa la kuuzuia. Moto uliposhika, jirani alipiga kigelegele, na wanawake wote wakamfuata, vigelegele vya kuamsha viboko. Mjomba akacheka akajipiga paja. "Dada yangu huyu! Amewapita wazungu na karatasi zao!" Uji ukapikwa, tukanywa wote tumesimama ndani ya nyumba ya upepo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Tulilala humo, mama na mimi, tumezungukwa na mablanketi ya majirani yaliyotundikwa kwenye fito.

Bwana alikuja asubuhi, mapema, na sitamsingizia ubaya. Alikuwa kijana, pua imeungua na jua, na aliomba radhi kwa namna yao: "Jana gari nakufa njia." Akazunguka nguzo, akazigusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi mzuri," akasema. Akatoa mnyororo wake wa kupimia, nyapara akashika mwisho mmoja akaenda nao majini.

Nilijua kabla hawajamaliza. Usiku mvua ilikuwa imenyesha tena huko juu na upepo haukulala, na kile kigingi changu cha ukingoni kilikuwa kimesimama peke yake ndani ya maji, kama mtu aliyeachwa na treni. Ziada yangu yote ilikuwa imeliwa, na yadi nyingine mbili juu yake.

"Hapana tosha," bwana akasema. Akafikiri. Akatazama waya wa ng'ombe nyuma ya nyumba, akatazama mama, akapunguza sauti kama mtu anayetoa siri. "Sikia. Ng'oa, rudisha nyuma kidogo. Karibu na waya. Mimi hapana ona waya. Leo leo, mimi nasema sawa."

Kumbe! Nilitaka kumkumbatia. Mzungu alikuwa ametupa yadi za doria, bure, kwa mdomo wake. Mjomba alikwisha shika jembe. Kazi ya saa chache tu; miti ile ile, mashimo mapya. Nikageuka kumwambia mama, nikamkuta anatazama mafiga. Moto ulikuwa bado unawaka, mdogo.

"Hapana," akasema.

"Mama, ni kusogeza tu. Ni nguzo."

"Jana zilikuwa nguzo. Nimewasha moto, nimepika, nimelala. Hii ni nyumba."

"Hata ukuta haina!"

"Baba, nyumba hung'olewa wapi na mwenyewe yuko hai? Nyumba ya kung'olewa ni ya maiti. Nihamie kwenye nyumba yangu mwenyewe ya maiti?"

Nikawageukia wanawake. Jirani, yule wa kicheko, alikuwa ameweka mkono mdomoni. Hakuna aliyesema mama amekosea. Mjomba akaweka jembe chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika. "Karani," akaniambia, na mara hii hakuwa ananitania, "hiyo siwezi kuigusa. Hata wewe usiiguse."

"Mama nasema nini?" bwana akauliza.

Nyapara akanisukumia mimi jibu kwa macho. "Bwana, moto umekwisha washwa," nikasema.

"Zima."

Nilijaribu. Nilisema Kiswahili, nikasema na Kiingereza changu chote, kile cha cheti na kile cha kiwandani. Nilisema desturi, nikasema mila, nikasema hata neno la Biblia. Alisikiliza, nampa haki yake, alisikiliza mpaka paji likakunjamana. Nikauliza kuhusu miti mipya, tusimamishe nyingine pale karibu na waya na hii iachwe. Akasema miti ni mara moja, si yeye, ni ofisi. Msitu si wake. Akasema angependa. Akafungua mikono miwili, mitupu, akaionyesha kwangu, na mimi nikajikuta nimefungua yangu vilevile. Tulisimama hivyo, wajinga wawili.

"Basi jioni mama naenda laini," akasema hatimaye, na akaondoka haraka.

Kuzima moto ule mama hakukubali, na mtu mwingine hangethubutu. Basi tukakaa kuuzunguka ili ufe wenyewe. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimebeba magogo ya mvule. Moto ukipungua mkono wa mtu huenda wenyewe kwenye kuni. Mjomba alikalia mikono yake. Jirani mara mbili alichukua kijiti, mara mbili akakirudisha. Mama alikuwa anasafisha vitunguu alivyoving'oa asubuhi, akivifunga mafungu mafungu, hakutazama kitu kingine. Nikamwambia nitazungumza na watu Nakuru, nitaandika barua, nitachora nyingine. Nilizungumza sana. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mtu mwenye homa.

Mchana ukapita. Makaa yakavaa majivu, jekundu likaonekana na kupotea, na mtu mmoja akasema limekwisha, mwingine akasema bado. Mama akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo kidogo.

"Twendeni," akasema.

Mjomba alibeba kitanda, mimi kisanduku, wanawake vitunguu na vyungu. Tulipanda kilima. Nyapara alikuwa ametangulia na ufunguo. Chumba kilikuwa kizuri, lazima niseme. Sakafu ya saruji, ukuta umepakwa chokaa, mistari yote sawa kabisa. Harufu ya ng'ombe iliingia kabla yetu. Nyuma kulikuwa na kidirisha kimoja juu karibu na dari, kinaonyesha mbingu.

Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akatazama ndani, akamgeukia nyapara.

"Choo kiko wapi?"

Nyapara akamwonyesha, nyuma ya zizi, akamwambia ashike ukuta kwa sababu ya matope.